Bia Yako Imezeeka, na Hakuna Aliyekuambia

Kabla sijaanza: kama hujafika miaka 18, soma hii kama historia, usisome kama tangazo. Na kama umefika, pia isome kama historia. Silipwi na kampuni yoyote kuandika haya, na ukimaliza utaona ni kwa nini hakuna kampuni ingenilipa.

Nilipoacha chuo, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuuza kwenye duka la pombe Kisumu. Duka lilikuwa dogo, kaunta ina vyuma, friji moja inayonguruma kama matatu bovu. Stoo ilikuwa nyuma, paa la mabati, hakuna dirisha. Na kwa sababu bosi alipenda duka lionekane limejaa, kreti mbili za bia za chupa ya kijani zilikaa mlangoni kutwa nzima, jua likizipiga kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Hizo ndizo tulikuwa tunahamishia kwenye friji watu wakianza kuingia.

Siku moja mzee mmoja akarudi na chupa aliyokuwa amepiga fundo mbili tu. Akaiweka kwenye kaunta polepole, bila kelele.

"Kijana, hii bia inanuka."

"Inanuka nini, mzee?"

"Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Manze, ilinuka kama mpira ulioungua, halafu ndani yake kulikuwa na kitu cha mnyama, kama kicheche amepita. Tarehe kwenye lebo ilikuwa bado miezi kadhaa mbele. Nikampa mzee nyingine. Bosi aliposikia, akasema mzee ni mkora anayetafuta bia ya bure, mimi ni mshamba ninayedanganywa, na pesa ya ile chupa ikatolewa kwenye mshahara wangu wa wiki.

Pesa ilikuwa kidogo. Kilichoniuma ni kwamba nilijua mzee hakudanganya na sikuwa na maneno ya kumtetea. Kwa hivyo nikaenda kuyatafuta. Nilifikiri nitasoma dakika kumi. Nikajikuta nimeingia kwenye stori ya miaka elfu kadhaa, ambayo mwisho wake ulinirudisha hadi kwa jikoni ya kukhu wangu Bungoma.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: kila bia ina saa yake. Historia yote ya bia ni historia ya watu wakijaribu kuichelewesha hiyo saa. Na sisi hapa Kenya tulifundishwa kwamba bia ya chungu ndiyo inaharibika, ya chupa ni salama na safi milele. Hiyo nusu ya pili si kweli.

Bia ilikuwa kama mkate

Tuanze mbali kidogo. Kule Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, Wasumeri walikuwa wakitengeneza bia ya shayiri zaidi ya miaka 4000 iliyopita. Kuna michoro yao inayoonyesha watu wameketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu ana mrija mrefu mdomoni. Ukimwonyesha mchoro huo mtu wa Bungoma, Busia au Teso, atakuuliza hiyo ni matanga ya nani.

Bia hiyo haikuwekwa. Ilikuwa kitu hai, hamira na bakteria bado wanafanya kazi ndani. Leo tamu, kesho kali, kesho kutwa chachu, baada ya hapo siki. Ilinyweka pale pale ilipopikwa na watu waliokuwa karibu, kama vile mandazi ya asubuhi hayangojei Jumamosi.

Mpaka watu wa Ulaya wakaanza kutumia hopsi, yale maua machungu ya mmea unaotambaa. Katika karne ya 12 mtawa mmoja Mjerumani, Hildegard wa Bingen, aliandika kwamba uchungu wa hopsi hufanya vinywaji vikae bila kuharibika haraka. Hakuwa na darubini na hakujua bakteria ni nini. Lakini alikuwa sahihi: hopsi huwazuia wengi wa wale bakteria wanaoigeuza bia kuwa chachu.

Hapo ndipo bia ilipopata miguu. Ikiwa inakaa, basi inaweza kusafirishwa. Na ikiwa inaweza kusafirishwa, mtu anaweza kuitajirikia.

Safari ya kwenda India

Labda umewahi kusikia stori ya bia ya Kiingereza inayoitwa India Pale Ale. Stori ya baa inasema hivi: Waingereza walikuwa India, bia ilikuwa inafika imeharibika, ndipo jamaa mmoja mwerevu anayeitwa Hodgson akabuni bia mpya yenye hopsi nyingi ili ivumilie safari.

Ni stori tamu, lakini si hivyo ilivyokuwa. Kiwanda cha Hodgson kilikuwa Bow, mashariki mwa London, karibu na mahali ambapo meli za kwenda India zilikuwa zinatia nanga. Manahodha walinunua kwake kwa sababu alikuwa jirani na aliwapa mkopo mrefu. Na bia kali yenye hopsi nyingi ilikuwapo tayari. Matajiri wa mashambani Uingereza walikuwa wakipikiwa mwezi wa Oktoba, halafu wanaiacha kwenye mapipa mwaka mmoja au hata miwili ndipo wanaanza kunywa.

Kile ambacho hakuna mtu alikuwa amepanga ni safari yenyewe. Meli ilishuka Atlantiki, ikavuka ikweta, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, ikapanda Bahari ya Hindi, ikavuka ikweta mara ya pili. Miezi minne hadi sita, mapipa yakipata joto, yakipoa, yakitikiswa. Bia ile ikafika imekomaa, kana kwamba imekaa miaka kwenye stoo ya tajiri. Waliokuwa India wakaipenda. Kufikia miaka ya 1820, viwanda vya Burton vilikuwa vimeingia kumnyang'anya Hodgson soko.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu hapa tunajifunza kitu cha kwanza: joto na muda hubadilisha ladha ya bia, kila wakati, bila kubagua. Kuna bia chache zilizotengenezwa kwa ajili ya mabadiliko hayo. Hadi leo Wabelgiji wana bia ya lambic inayokaa kwenye mapipa mwaka, miwili, hata mitatu, na ya umri tofauti huchanganywa kwa makusudi. Lakini ile bia nyepesi ya dhahabu unayoijua wewe haikutengenezwa hivyo. Hiyo kwake muda haumsaidii kitu. Inazeeka tu.

Mfaransa mwenye hasira na darubini yake

Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Wajerumani na ikapigwa vibaya. Mwanasayansi Louis Pasteur alikasirika kiasi kwamba aliamua kuwapiga Wajerumani mahali panapowauma: kwenye bia. Alitaka Ufaransa itengeneze bia bora kuliko yao, na akaipa jina la bia ya kulipiza kisasi cha taifa. Sitanii. Hiyo ndiyo ilikuwa motisha.

Mwaka 1871 alienda London, kwenye kiwanda cha Whitbread, akaomba hamira aitazame kwa darubini. Akawaonyesha kwamba ndani ya hamira yao kulikuwa na wadudu wengine wasiotakiwa. Mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima kuhusu magonjwa ya bia. Ujumbe wake ulikuwa rahisi: bia haichachi kwa sababu ya mapepo au hali ya hewa mbaya, inachacha kwa sababu kuna viumbe ndani yake. Ukiipasha joto kama nyuzi 60 kwa muda, unawaua.

Miaka hiyo hiyo mambo yalikuwa yanakimbia. Carl von Linde, Mjerumani, akatengeneza mashine za kupoza zilizoanza kutumika kwenye viwanda vya bia. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, akafanikiwa kukuza hamira safi ya aina moja tu. Mwaka 1892, William Painter wa Baltimore, Marekani, akapata hataza ya kile kizibo cha bati chenye meno, kile tunachofungua kwa kijiko, kwa meno ya mbele ya msee fulani, au kwa kiti cha plastiki.

Weka hayo yote pamoja: hamira safi, baridi, joto la kuua bakteria, chupa iliyofungwa. Watengenezaji wakadhani wamemaliza kazi. Bia sasa haichachi. Mchezo umeisha.

Haukuwa umeisha. Ukishaua adui mkubwa ndipo unamwona yule mdogo aliyekuwa amejificha nyuma yake.

Boksi, kicheche na hewa

Bia ya chupa haikuwa inachacha tena, lakini watu waliendelea kulalamika kwamba ikikaa inapata ladha ya ajabu. Ladha ya karatasi. Ladha ya boksi lililonyeshewa. Ilichukua muda mrefu kumjua mhalifu. Mwaka 1970, watafiti waliripoti kwamba kemikali moja inayoitwa nonenali ndiyo inayoleta ile ladha ya boksi. Na hapa ndipo nilipoweka simu chini nikacheka: ulimi wa binadamu unaweza kuihisi hata ikiwa gramu moja tu imeyeyushwa kwenye lita milioni 10. Hayo ni madimbwi manne ya kuogelea ya Olimpiki. Gramu moja.

Inatoka wapi? Asili yake ni mafuta kidogo sana yaliyo kwenye nafaka yenyewe. Oksijeni ikiyagusa wakati wa kupika, na baadaye joto likifanya kazi yake ndani ya chupa, ile ladha inatokea polepole. Kizibo nacho hakizibi asilimia mia, hewa kidogo kidogo hupenya kwa miezi. Ndiyo maana viwanda vikubwa hupigana kuhakikisha oksijeni inayobaki kwenye chupa ni kidogo kupita maelezo.

Na si boksi peke yake. Mwaka 1977 mtaalamu anayeitwa Dalgliesh alichora mchoro ambao bado unatumika kueleza jinsi bia inavyozeeka. Uchungu wa hopsi unashuka. Utamu kama wa tofi na mkate unapanda. Katikati inapita harufu moja ambayo wengine huifananisha na mkojo wa paka, inapanda halafu inashuka. Ile ladha ya boksi inapanda pia. Yaani bia haifi siku moja. Inapoteza sauti moja moja, huku nyingine zisizotakiwa zikiingia.

Sasa turudi kwa mzee wangu wa Kisumu. Yeye hakusema boksi. Harufu yake ilikuwa ya mnyama, na huyo ni mhalifu mwingine kabisa: mwanga.

Mjerumani Carl Lintner aliandika tangu mwaka 1875 kwamba bia ikikaa juani inapata harufu mbaya. Karne iliyofuata wanakemia wakaeleza jinsi inavyotokea. Mwanga wa jua unaipiga vitamini B2 iliyo ndani ya bia, vitamini hiyo inaipasua ile sehemu chungu ya hopsi, vipande vinajiunga na salfa, na kinachozaliwa ni ndugu wa karibu wa kile anachorusha mnyama wa Marekani anayeitwa skanki, binamu wa kicheche wetu kwa tabia. Na inahisika kwa kiasi kidogo hata kuliko ile nonenali. Haihitaji miezi. Kwenye chupa isiyo na rangi, jua kali linaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za kahawia. Haikuwa urembo. Kioo cha kahawia kinazuia sehemu kubwa ya mwanga unaoleta hiyo shida. Kijani kinazuia kidogo tu. Kioo cheupe hakizuii karibu chochote. Na sisi kijani ndiyo tunaiona ya watu wa maana, ndiyo tunaiweka mlangoni ipendeze.

Mzee hakuwa mkora. Alikuwa na pua nzuri, basi.

Saa yako inakimbia haraka kuliko ya Mdenmaki

Kuna kanuni ya watu wa bia inayoitwa 3-30-300. Siyo sheria, ni makadirio ya kukumbuka tu. Bia iliyokaa siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 imezeeka sawa na iliyokaa siku 30 kwenye nyuzi 22, na sawa na iliyokaa siku 300 kwenye nyuzi 3. Msingi wake ni kemia ya kawaida: joto likipanda kwa nyuzi 10, mambo ndani ya chupa yanakwenda mara mbili au tatu haraka zaidi.

Sasa fikiria. Nairobi mchana wa kawaida inaweza kuwa kwenye nyuzi 22 na zaidi. Kisumu na Mombasa zinagonga 30 bila jasho, jasho ni lako wewe. Lodwar hata tusiitaje. Halafu ndani ya stoo ya mabati saa nane mchana, ongeza unavyotaka. Ile tarehe kwenye lebo iliwekwa kwa kudhani kwamba kila mtu njiani, kutoka kiwandani hadi kwa kaunta, atatunza bia vizuri. Lori likikaa juani, stoo ikiwa tanuri, tarehe inabaki ile ile, bia haibaki ile ile.

Kampuni zenyewe zinajua. Mwaka 1996 Budweiser kule Marekani walianza kuandika kwenye bia tarehe iliyozaliwa, wakaifanya tangazo. Sisi mara nyingi hata hatugeuzi chupa kuangalia. Tunauliza swali moja tu: "Ni baridi?"

Na baridi inaficha. Ulimi ulioganda hausikii boksi. Ndiyo maana bia iliyozeeka huvumilika kwa fundo tatu za kwanza, halafu ikipata joto kidogo kwenye glasi unaanza kuitazama kwa macho mabaya.

Nani alituambia chupa ndiyo safi?

Hapa ndipo stori inarudi nyumbani.

Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na walowezi, wakiwemo ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka 1923 George aliuawa na ndovu alipokuwa akiwinda, na bia yao ikaitwa Tusker, kwa ajili ya ndovu mwenye pembe. Kabla ya hapo, Mzungu aliyetaka bia ya kwao Nairobi alinywa iliyokuja kwa meli hadi Mombasa, halafu ikapanda reli. Sasa unajua joto la Mombasa lilikuwa linaifanyia nini. Kupika bia hapa hapa kulikuwa na maana kubwa: saa ya bia ilianza kuhesabiwa Ruaraka, si Ulaya.

Lakini hiyo bia haikuwa ya babu yako. Chini ya ukoloni Mwafrika alikatazwa kisheria kunywa bia ya Kizungu, na katazo hilo halikulegezwa hadi miaka ya 1940. Kwa upande wa pili, pombe ya kienyeji mjini haikuwa huru pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijipa yenyewe biashara ya pombe ya Waafrika kule Pumwani. Mwanamke aliyepika kwake nyumbani alikuwa mhalifu, manispaa ikipika ni mapato.

Ukiwaambia watu kwa zaidi ya miaka 20 kwamba chupa ni ya watu wakubwa na chungu ni cha kufichwa, wataamini. Siku chupa iliporuhusiwa, kuinunua kulikuwa ni kuonyesha umefika. Uhuru ulipokuja fikra ile haikuondoka na bendera. Mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na busaa ikaishi kati ya leseni, marufuku na msako, hadi sheria mpya ya vileo ya 2010.

Nisieleweke vibaya. Pombe iliyochanganywa na methanoli inaua. Mwaka 2014 ilituua watu wengi katika kaunti kadhaa kwa siku chache, na hiyo si stori ya ladha, ni uhalifu. Kumbuka pia bia iliyozeeka kwenye chupa haitakuua. Alkoholi, uchungu na uchachu wake haviwapi vijidudu hatari nafasi ya kuishi. Itakuharibia jioni tu. Lakini tulichofanya sisi ni kuvichanganya vitu vitatu tofauti kwenye kapu moja: sumu ya wakora, chang'aa, na busaa ya kukhu.

Stoo ya kukhu

Kukhu wangu alipika busaa kwa miaka mingi. Unga wa mahindi ukandwe, uachwe uchache, ukaangwe kwenye karai mpaka kijiji kizima kijue, halafu uchanganywe na maji na kimea cha wimbi. Siku chache, uko tayari. Ada ya wajomba zangu wawili ya sekondari ilitoka kwenye hiyo mitungi. Na zaidi ya mara moja askari walikuja wakaimwaga yote, na yeye wakamchukua.

Nilipoenda ushago baada ya kuacha ile kazi, nilimweleza haya yote. Boksi, nonenali, Pasteur, kreti za mlangoni. Alinisikiliza vizuri sana, kama mtu anayemsikiliza mtoto akimweleza kwamba moto unaunguza.

"Kwani hiyo yenu mlikuwa mnaiweka mpaka lini?"

"Miezi sita, kukhu. Nyingine hata zaidi."

"Juani?"

"Juani."

Akatingisha kichwa. "Mimi nikipika Alhamisi, Ijumaa jioni watu wameitwa. Jumamosi ikibaki, si ya mgeni tena. Nitampaje mgeni kitu cha jana?"

Nilikaa nikafikiria hilo jibu njia yote ya kurudi Kisumu. Watu wa Ulaya walihitaji hopsi, darubini, mashine za baridi na miaka mia kadhaa kutatua swali la kuweka bia. Kukhu alikuwa na jibu lingine: usiiweke. Majirani ndio walikuwa stoo yake. Alijua idadi ya watu, alijua siku, na alipika kwa kipimo hicho. Aliyekuja Jumapili aliambiwa wazi kwamba imekwisha au imechacha. Hakuna aliyeuziwa ya jana kwa bei ya leo.

Sisemi turudi kwenye mitungi. Huwezi kuita majirani milioni nne wa Nairobi Ijumaa jioni. Na Pasteur alitusaidia kweli. Ninachosema ni kwamba yule mwanamke tuliyemwita mchafu alikuwa mwaminifu zaidi kuhusu muda kuliko duka lenye friji na risiti.

Kwa hivyo ufanye nini?

Geuza chupa. Soma tarehe, na kama kuna ya kutengenezwa, hiyo ndiyo muhimu zaidi. Iliyo karibu na leo ndiyo bora.

Usinunue chupa ya kijani au nyeupe iliyokuwa dirishani au mlangoni. Omba ya ndani ya boksi, au ya kahawia, au ya kopo. Kopo halipitishi mwanga kabisa.

Achana na ile imani kwamba bia ikitoka kwa friji na kurudi inaharibika. Kinachohesabika ni jumla ya joto na muda. Saa moja mezani si kitu. Mwezi mmoja kwenye stoo ya mabati ni kitu.

Mimina kwenye glasi, unuse kwanza. Ikinuka kicheche ni mwanga. Ikiwa na ladha ya boksi ni umri na joto. Ikiwa chachu kama siki, kuna vijidudu vilivyoingia. Sasa una maneno. Rudisha, useme ni nini, bila kelele, kama yule mzee.

Na kama wewe ndiye unayeuza: toa hizo kreti mlangoni. Ya zamani iuzwe kwanza, mpya iende nyuma. Haigharimu chochote. Na mfanyakazi wako akikuambia bia inanuka, nusa kabla ya kumkata mshahara.

Yule mzee sikuwahi kumwona tena. Kama anasoma: mzee wangu, ulikuwa sahihi. Ilikuwa mwanga.